Kundi la Nzuri Lakini

Wenzangu vijana mliobaki na sare, mmeniomba niwaandikie jinsi kliniki ya vijana ilivyoanza. Nimekubali kwa sababu wakati ninao. Tangu nistaafu, wanaonisikiliza hapa Waa ni kuku wangu tu, nao hawana subira. Tena nimeambiwa mmoja wenu amebandika ukutani kwamba kliniki yetu ilizaliwa kwa mkakati madhubuti. Mkakati hapakuwa. Palikuwa na popo, ubani na kuku mwekundu, na kama si kijana mmoja wa Ukunda asiyejua kusalimia watu, tungalimpoteza mwenzake wa Munje huku tukimsifu kwa adabu.

Habari za vyeo nitaziruka. Anayetaka kujua nilipandishwa lini akamuulize mume wangu, yeye ndiye aliyekuwa akifuatilia.

Nilianza kazi nikiwa mkunga. Miaka mingi nilikuwa nawapokea watu wakiingia duniani, na sikuwahi kujiuliza wakishaingia wanaendeleaje. Nilipohamishiwa kitengo cha afya ya akili, katika kituo chetu kidogo upande wa Msambweni, wadi nzima ya wazazi ilinipa pole kana kwamba nimefiwa. Jirani alikuja nyumbani na sukari. Mama mkwe wangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama ugonjwa ule huambukiza, na kabla sijajibu akasogeza kikombe chake mbali na changu.

Aliyenipokea ni Bwana Kilonzo, muuguzi mkuu wa kitengo, Mkamba aliyekaa pwani hata akawa anakula ng'onda, samaki wa kukaushwa, bila kulalamika. Alikuwa na goti bovu na saa ya mkononi ambayo aliivua na kuitia mfukoni kila mgonjwa alipoketi. Aliniambia, "Mgonjwa akikuona unaangalia saa, atakuambia amepona." Siku ya kwanza nilitazamia anipe funguo, au angalau kalamu. Akanipa kitambaa cha mkononi.

"Hiki si cha mgonjwa, Mwatime," akasema. "Ni chako. Yeye akilia, mwache alie. Wewe ukitaka kulia, jifute jasho."

Nilijifuta jasho sana kwenye kazi ile. Pwani kuna joto, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Siku hizo vijana walikuja mmoja mmoja na mama zao, na mama ndio waliojibu. Nikimuuliza binti analalaje, mama anasema halali. Nikimuuliza anawaza nini, mama anasema hawazi kitu, ni simu tu. Bwana Kilonzo akaona bora tuwakusanye vijana peke yao kila Alhamisi mchana, wasikilizane wenyewe. Tukapewa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya vyandarua, darini mna popo wa kutosha kuanzisha kijiji. Nikapanga viti vya plastiki kwa duara, kama tulivyofundishwa kwenye semina. Kwa sababu ya harufu ya popo nikaleta chetezo kutoka nyumbani, nikafukiza ubani. Kisha nikafunga mlango ili siri za watoto zisitoke.

Mpwani mwenzangu ameshaelewa nilichokifanya. Mlango umefungwa, moshi unatoka dirishani, na ndani watoto wanaosemwa kuwa akili zimewasumbua wameketi kwa duara. Alhamisi ya pili nilimkuta mlangoni Bi. Mejumaa, mama yake Rukia. Rukia alikuwa binti mwerevu ambaye kila mtihani ukikaribia alianguka darasani, akabebwa. Mama mtu alikuja na kaniki mpya, chupa ya marashi, kuku mwekundu aliyefungwa miguu, na shangazi wawili waliokwisha kujifunga leso viunoni tayari kwa kuimba.

"Sista, ngoma ni saa ngapi?" akaniuliza.

"Hapana ngoma, mama. Hapa tunazungumza tu."

"Kuzungumza?" Akawageukia wale shangazi, kisha akanirudia kwa huruma. "Sista wangu, pepo huyu hataki mazungumzo. Tumezungumza naye tangu mwaka jana."

Nikamweleza habari ya hofu, jinsi moyo unavyokwenda mbio na pumzi kukatika. Alinisikiliza kwa heshima zote. Nilipomaliza akasema, "Naam, ndivyo anavyofanya huyo pepo," akanikabidhi kuku. Bwana Kilonzo alitoka kwa kelele, akamtazama kuku anavyopiga ukelele mikononi mwangu, akasema, "Angalau huyu anasema kinachomsumbua."

Bi. Mejumaa alikataa kumrudisha kuku nyumbani, kwa kuwa kilichotolewa kwa ajili ya pepo hakirudi. Basi akabaki kituoni na kutaga katika kabati la mafaili ya zamani. Mimi nikavitoa viti nje, nikavipanga barazani kwa mstari, migongo ukutani, ili kila mama aliye uani ajionee mwenyewe kwamba hapungwi mtu pepo. Ubani nikauacha. Kumbe huko nje ndiko kulikuwa dawa. Watoto wetu wamelelewa wasimkodolee mtu mzima macho, na duara linawalazimisha kukodoa. Barazani kila mtu anatazama mbele, kwenye mpapai na kuku, na maneno yanapita kando bila kumgonga mtu usoni. Nawaomba msilirudishe duara, hata mkiletewa semina nyingine.

Ila maneno yenyewe yalikuwa hayaji. Kila Alhamisi nilianza kwa kuwauliza habari zao, mmoja baada ya mwingine. Nzuri. Salama. Njema, alhamdulillahi. Hapo yupo asiyelala, yupo aliyefukuzwa shule, na Rukia ana alama ya sakafu ya darasa kwenye paji la uso, lakini habari zote ni nzuri. Bwana Kilonzo alisema kundi langu lina afya kuliko wafanyakazi. Akaja dada mmoja kutoka Nairobi kutufundisha, akatuachia kadi zenye nyuso za katuni, kijana achague uso unaofanana na moyo wake. Wote walichagua uso unaocheka, wakawa wanapokezana kwa zamu. Ule uso ulichakaa pembe zote, na ule wa huzuni ukabaki mpya kama ulivyotoka dukani.

Siwalaumu, hivyo ndivyo tulivyofunzwa. Mdigo nyumba yake ikiwaka moto, ukimuuliza habari za nyumbani atasema nzuri kwanza, ndipo aombe ndoo.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa hana habari na mila hizi. Jina lake Brian, mwenyewe akijiita Brayo, mtoto wa mpishi wa hoteli aliyetoka bara na kuhamia Ukunda. Shule ilimfukuza kwa kupigana na kwa moshi usiokuwa wa ubani. Simfichi mtu, Brayo alinikera. Shikamoo hakuijua. Alikuwa akiingia huku anatafuna chingamu, anasema, "Sasa, Sista," kana kwamba tumesoma pamoja. Ile kadi ya uso wenye hasira aliichukua akajipepea nayo. Nilimwomba Bwana Kilonzo amtafutie mahali pengine, akanijibu kwa msemo wetu wenyewe: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikajiona nimeshindwa nyumbani.

Kipenzi changu alikuwa Hassani. Huyu alitoka Munje, umri wake miaka kumi na saba. Baba yake alifariki, naye akaacha shule, akawa hali vizuri wala halali, mpaka mjomba wake akamleta kwetu. Hassani alifika kabla ya wote, akapanga viti, akamwamkia kila mtu kuanzia daktari hadi mfagizi, na nadhani kuku naye aliwahi kupata yake. Ukimuuliza usingizi, alijibu, "Nalala, Sista, namshukuru Mungu." Nikawa nawaonyesha wengine, tazameni kijana aliyelelewa.

Siku moja Bwana Kilonzo aliniambia, "Huyu Hassani ananitisha."

"Kwa nini?"

"Hajawahi kunisumbua."

Nikamjibu kwamba watu wa bara wakiona adabu wanadhani ni ugonjwa. Alicheka, lakini kuanzia hapo alimwekea Hassani miadi ya peke yake, na Hassani akahudhuria yote, akajibu yote, na yote yalikuwa salama.

Basi Alhamisi moja kikao kilikwisha kama kawaida. Chai imenywewa, mahamri yamebaki makombo. Hassani akasimama, akaanza kupita barazani kwa mmoja mmoja akitoa mkono. "Kama nimekukosea kwa neno au kwa kitendo, uniwie radhi." Rukia akamjibu vizuri, "Nimekuwia, nawe uniwie." Na wengine wakajibu hivyo hivyo, sauti za chini, macho chini, utadhani ni watu wazima wa mji. Alipofika kwangu aliinama, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nikasema, "Radhi unayo, mwanangu, dunia na akhera." Akatoka kwenda zake, nami nikaingia ndani kuosha vikombe, nikiwaza kwamba hatimaye kundi langu limezaa matunda.

Brayo akanifuata. Chingamu alikuwa ameitoa mdomoni.

"Sista, Hassani amenikosea nini?"

"Hajakukosea. Hiyo ndiyo adabu, Brian. Jifunze."

"Lakini ameniomba msamaha serious, Sista. Na hajawahi guza kitu yangu hata siku moja. Kwetu msee akikuomba msamaha hivyo na hamjakosana, huwa anahama."

"Anahamia wapi?"

"Si ndio nakuuliza." Akanyoosha mkono. "Na amenipea simu yake. Ati hana kazi nayo tena."

Nikakiweka kikombe nilichokuwa naosha. Sisi hutakana radhi namna ile mtu anapokwenda Hija, au anapokuwa kitandani na hategemei kuamka. Hassani hakuwa na pasipoti. Wote pale tulizijua desturi hizo tangu utotoni, na kwa kuwa tulizijua sana, hakuna aliyesikia alichoambiwa. Aliyesikia ni yule tu asiyejua jibu lake.

Nilipiga ukelele wa kumwita Bwana Kilonzo nikatoka mbio. Mnanifahamu umbo langu, mbio si fani yangu, na viatu vya kituo si vya kukimbilia. Brayo alikuwa mbele. Rukia, ambaye karatasi ya hesabu ilitosha kumwangusha, alivua viatu akanipita kama sipo. Nyuma yangu Bwana Kilonzo alipanda bodaboda, mguu mmoja kaunyoosha kwa ajili ya goti, akimwambia dereva aharakishe na hapo hapo akimwomba aende polepole. Bi. Mejumaa, aliyekuwa uani akimngoja bintiye, alikimbia nasi bila kujua tunakwenda wapi, akiniuliza kama pepo ameshatoka. Na kuku alikuja pia, kwa sababu kwake yeye mtu anayekimbia ana mahindi.

Tulimkuta kwenye njia ya kuelekea Munje, karibu na kibanda cha mama anayechoma mihogo. Alikuwa anatembea taratibu, hana haraka. Alipogeuka na kutuona, kundi zima linahema na kuku wake, alishtuka. Lakini malezi ni malezi.

"Shikamoo, Sista," akasema.

"Marahaba," nikasema nikishika mbavu. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari zako?"

"Nzuri."

Na hapo nikakwama. Nilikuwa nimesomea kazi hii, nina vyeti, na pale njiani sikuwa na neno la pili. Adabu ilikuwa imekwisha, na baada ya adabu sikujua kinachofuata. Mama wa mihogo aliacha kupepea moto akatutazama. Brayo alikuwa ameinama, mikono magotini, anatafuta pumzi. Akainua kichwa.

"Nzuri lakini?" akauliza.

Hassani alimgeukia.

"Nzuri lakini nini, Hassani? Niambie tu mimi. Mimi si mtu wa heshima."

Hassani alimtazama kuku aliyekuwa akidonoa miguuni pake. "Nzuri," akasema, "lakini sitaki kuiona kesho."

Bwana Kilonzo alikuwa ameshuka kwenye pikipiki. Alichechemea mpaka kwenye benchi la yule mama, akamketisha kijana kando yake, wote wawili wakiitazama barabara. Saa aliitia mfukoni. Akamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Unafikiria kujiua?" Hassani akasema ndiyo. Wenzangu, liulizeni neno hili kwa jina lake. Wengi wenu mnaogopa kwamba mkilitaja mtalipanda. Halipandwi kwa kuulizwa, huwa limeshaota, na mwenye kulibeba anangoja mtu wa kumsaidia kulitua. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nasi tulikuwa tumeyaficha maradhi ndani ya salamu.

Nililia wazi wazi, kitambaa nilikisahau kituoni. Rukia alimshika Hassani mkono wa kushoto akakataa kuuachia, na Brayo akakaa chini kwenye vumbi mbele ya miguu yake. Bi. Mejumaa alinunua mihogo akagawa kwa kila mtu, dereva wa bodaboda akiwemo. Tulikula kwa sababu hatukujua la kufanya, na Hassani naye akala kipande.

Kilichofuata ni kazi, nayo mnaijua. Hatukumwacha peke yake hata kidogo. Mama na mjomba wakaitwa, wakaelezwa waziwazi mbele yake. Siku ile ile alionwa na daktari mkubwa, akaanzishiwa dawa. Mjomba akaondoa nyumbani vitu vya hatari na kulala naye chumba kimoja, na sisi tukawa tunapishana kwenda Munje kumjulia hali. Hakupona jioni ile. Alipona kama watu wanavyopona, mbele kidogo na nyuma kidogo, na kuna wiki alizokasirika kwamba tulimkimbilia. Nilizipenda hizo wiki, maana hatimaye alikuwa ananisumbua.

Alipokuwa na nguvu za kurudi barazani, Brayo ndiye aliyetoa amri. Hakuna nzuri itakayokubaliwa bila lakini yake. Nilidhani watakataa, kumbe walikuwa wanaingojea. Adabu ilibaki pale pale, unaanza na nzuri kama ulivyolelewa, kisha unapewa njia ya kupita. Rukia alisema, "Nzuri, lakini mama ametishia kununua kuku mwingine." Brayo alisema, "Fiti, lakini mzee wangu hajaniongelesha tangu nifukuzwe shule," kisha akageuza uso kuelekea kwenye mpapai, na hakuna aliyemtazama. Bwana Kilonzo alisema, "Nzuri, lakini goti." Zamu ya Hassani ilipofika alifikiri sana, akasema, "Nzuri, lakini jana nimelala." Tukamwambia hiyo si lakini. Alicheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake ya chini.

Hata wazazi walishika. Siku moja Bi. Mejumaa alikuja uani, nikamsalimu, akasema habari ni nzuri, kisha akaongeza, "Lakini Sista, nadhani mimi ndiye ninayemtia hofu mtoto kwa hiyo mitihani." Pepo hakumtaja tena. Kuku hakumdai pia, na hawa ninaowasimulia habari zangu leo ni vitukuu wake. Watu wa mji wakaacha kutuita kwa wendawazimu, wakatuita Kundi la Nzuri Lakini. Jina hilo halimo kwenye kibao chochote cha serikali, lakini ukiuliza bodaboda yeyote atakufikisha.

Bwana Kilonzo alistaafu akarudi Kitui, ananipigia simu kuuliza kama ng'onda bado zinauzwa. Brayo anapika hotelini Diani pamoja na baba yake, na siku hizi husema shikamoo anapotaka kitu. Hassani ni fundi wa majokofu huko huko Diani. Siku ya Alhamisi hapangi kazi. Anakuja barazani kukaa na vijana wapya, kwa sababu yeye anazijua salama za uongo kwa harufu.

Siku ya kuniaga walipanga viti uani, keki ikaja, na waheshimiwa wakasema maneno ambayo nilitamani mama mkwe wangu angalikuwa hai ayasikie. Mwisho mkubwa mmoja akasimama na kipaza sauti. "Sista Mwatime, tuambie, habari za kustaafu?"

"Nzuri," nikasema. "Nzuri sana, namshukuru Mungu."

Watu wakapiga makofi. Barazani hakuna aliyepiga. Rukia alikuwa pale, na Brayo amevaa sare ya jikoni, na vijana wapya kwa mstari, wote wananitazama. Nikatafuta kitambaa. Nikajifuta jasho usoni, nikakikunja, nikakirudisha mkobani, nikaomba mwenye keki aikate.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa hapa Waa. Niliwapa kuku mahindi, nikafagia, nikafagia tena palipofagiwa. Mume wangu aliniuliza kama niko sawa, nikasema salama. Nilijisikia nikilisema. Nikachukua mkoba nikaenda zangu Msambweni.

Kikao kilikuwa kimeanza. Hassani aliponiona nikiingia uani aliinuka, nikadhani ananipa kiti cha muuguzi. Akanipeleka mwisho wa mstari, kwenye kiti cha plastiki kati ya binti mmoja wa Lunga Lunga na ukuta, nikakaa nikitazama mpapai kama wengine. Zamu ikaja taratibu, mtu kwa mtu, hadi ikanifikia.

"Sista, habari zako?" Hassani akauliza.

Nikaanza na nzuri, kama nilivyolelewa.